Grafu Inapopinda: Vali za Nguvu na Sauti ya Gitaa

Katika muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, ambaye jioni hupiga gitaa katika bendi, aliniuliza swali lililonifanya niweke chaki chini. Alisema: "Mwalimu, umetufundisha kwamba transista ni ndogo, haihitaji kupashwa moto, na hukuza ishara kwa uaminifu kuliko vali. Mbona basi wapiga gitaa wengi mashuhuri bado wanabeba amplifaya nzito za vali?" Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa maana swali lilikuwa la haki, na jibu lake halimo katika vitabu vingi vya fizikia tunavyotumia.

Majibu mawili huwa tayari midomoni mwa watu. La kwanza ni la mhandisi mwenye haraka: vali ni mabaki ya zamani, na anayezipenda anapenda ukale tu. La pili ni la muuza vifaa: vali ina "joto" na "roho" ambavyo havipimiki. Maoni yangu ni kwamba majibu yote mawili ni ya uvivu. Toni ya vali ni jambo la kweli linalopimika. Lakini haitoki katika vali peke yake, na ili kuielewa hatuna budi kuitazama ile sehemu ya grafu ambayo walimu aghalabu tunairuka, yaani pale mstari unapoacha kunyooka.

Vali ni nini?

Vali ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake mna kathodi inayopashwa moto hadi itoe elektroni, na anodi yenye volti chanya inayozivuta elektroni hizo. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitumia chombo cha namna hiyo kupitishia mkondo upande mmoja tu. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest aliongeza kiungo cha tatu, nacho ni gridi. Gridi ni kama lango la mfereji wa shamba: nguvu ndogo ya mkono wa mkulima huamua maji mengi yapite au yazuiwe. Vivyo hivyo volti ndogo ya gridi hutawala mkondo mkubwa wa anodi.

Mwaka 1926 Bernard Tellegen, wa maabara ya Philips nchini Uholanzi, alibuni pentodi yenye gridi tatu. Mwaka 1936 kampuni ya RCA ya Marekani ilitoa 6L6, ambayo ni tetrodi iliyopangwa ili elektroni ziende kwa miali iliyokusanywa. Hizi ndizo koo mbili za vali za nguvu zinazotumika katika amplifaya nyingi za gitaa hadi leo: 6L6 na ndugu yake mdogo 6V6 katika mtindo wa Marekani, EL34 na EL84 katika mtindo wa Uingereza. Vali za mwanzo ndani ya amplifaya hukuza volti ya ishara; vali za nguvu hupewa kazi ya kuisukuma spika.

Wimbi lina mpaka wake

Tuchukue uzi wa tano wa gitaa, ambao ukipigwa wazi hutetema mara 110 kwa sekunde. Pamoja na mtetemo huo mkuu, uzi hutoa pia mitetemo ya 220, 330, 440 na kuendelea. Mitetemo hii huitwa hamoniki, na uwiano wa nguvu zake ni sababu mojawapo kubwa inayotuwezesha kutofautisha gitaa na zumari hata vikitoa noti ile ile.

Amplifaya ikifanya kazi katika eneo lililonyooka la grafu, kila hamoniki hukuzwa kwa kiasi kile kile. Lakini mpigaji akizidisha sauti, wimbi hufika mpakani. Upande mmoja mkondo wa vali hukatika kabisa. Upande wa pili mkondo hukataa kuongezeka, hata gridi ikizidi kusukumwa. Vilele vya wimbi hubanwa, kisha hukatwa. Na umbo la wimbi likibadilika hivyo, hisabati ya Joseph Fourier inatufundisha kwamba hamoniki mpya zimezaliwa.

Aina ya hamoniki hizo hutegemea namna ya kubanwa. Wimbi likibanwa zaidi upande mmoja, huzaliwa hamoniki za namba shufwa. Iliyo kuu ni ya pili, ambayo kwa uzi wetu ni 220, yaani noti ile ile oktava moja juu. Likibanwa sawasawa pande zote mbili, huzaliwa za namba witiri, kuanzia ya tatu, ambayo ni 330. Amplifaya ndogo zenye vali moja ya nguvu, kama Fender Champ yenye 6V6 moja, huiacha hamoniki ya pili ipite. Amplifaya kubwa hutumia vali mbili au nne zilizogawanywa pande mbili, upande mmoja ukisukuma wakati mwingine unavuta. Katika mpango huo hamoniki za shufwa zilizozaliwa ndani ya vali za nguvu hufutana kwa kiasi kikubwa katika transfoma, na za witiri hubaki. Kwa hiyo anayesema kwamba vali hutoa hamoniki za shufwa na transista hutoa za witiri amesema nusu ya ukweli. Mara nyingi mpango wa saketi una usemi mkubwa kuliko aina ya chombo.

Ukali wa pembe nao una maana. Wimbi linalobanwa polepole huzaa zaidi hamoniki za chini, ambazo sikio huzipokea kama utamu au unene. Wimbi linalokatwa ghafla, kama kwa kisu, huzaa hamoniki nyingi za juu, ambazo sikio huziita ukwaruzo.

Majirani wa vali

Vali ya nguvu haifanyi kazi peke yake. Jirani yake wa kwanza ni transfoma ya kutolea sauti. Vali hupenda kusukuma ukinzani wa maelfu ya omu, ilhali spika ni ya omu 8 tu. Tuseme vali mbili zinahitaji omu 5000. Uwiano wa ukinzani ni 5000 kwa 8, yaani 625. Kwa kuwa ukinzani hufuata mraba wa uwiano wa mizunguko ya waya, transfoma itahitaji mizunguko 25 upande wa vali kwa kila mmoja upande wa spika. Hesabu hii mwanafunzi wa kidato cha nne anaiweza.

Jirani wa pili ni mrejesho hasi. Hii ni njia ya kurudisha sehemu ndogo ya umeme wa mwisho kwenye hatua za nyuma, kwa kinyume, ili amplifaya ijirekebishe. Mrejesho mwingi hunyoosha grafu, lakini wimbi likifika mpakani hukatwa ghafla. Amplifaya nyingi za transista huutumia kwa wingi. Za vali huutumia kidogo, na nyingine, kama Vox AC30 yenye EL84 nne, haziutumii kabisa katika sehemu ya nguvu.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Spika ya omu 8 si ya omu 8 kwa kila noti. Karibu na hezi 100 au chini kidogo, pale spika inapotetema kwa hiari yake, ukinzani wake kwa mkondo geu hupanda sana, na katika noti za juu hupanda tena. Amplifaya yenye mrejesho mwingi huishikilia volti ile ile bila kujali mabadiliko hayo. Pentodi isiyo na mrejesho huelekea kuushikilia mkondo badala ya volti, na hivyo mahali ukinzani unapopanda, volti nayo hupanda. Besi huongezeka na noti za juu hung'aa, hata kabla wimbi halijakatwa. Kile ambacho mpigaji hukiita uhai, mita husoma volti zake.

Jirani wa tatu ni chanzo cha umeme. Wakati mwingine taa za nyumbani hufifia kidogo pampu ya maji inapowashwa. Katika amplifaya nyingi za zamani noti kubwa ikipigwa, volti ya ndani hushuka, sauti ikabanwa kidogo, kisha ikarudi noti inapofifia. Vidole vya mpigaji huihisi hali hiyo.

Mfano bora ninaoufahamu ni wa mwaka 1962. Katika duka la Jim Marshall mjini London, mafundi wake walitengeneza amplifaya kwa kufuata karibu kabisa saketi ya Fender Bassman ya Marekani. Lakini vifaa vilivyopatikana Uingereza vilikuwa vingine. Transfoma zilikuwa tofauti, na spika nne za inchi 10 zilizokuwa katika sanduku lililo wazi nyuma zikawa nne za inchi 12 katika sanduku lililofungwa. Vali za nguvu za ukoo wa 6L6 nazo zilipisha KT66 za Kiingereza, na baadaye EL34. Sauti ikawa nyingine, na muziki wa roki ukaifuata. Nani anaweza kusema kwa haki kwamba tofauti hiyo ililetwa na vali peke yake?

Nilivyojidanganya

Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari ng'ambo, nilikuwa na hakika kwamba ninaweza kuitambua EL34 mbele ya 6L6 kwa sikio tu. Mwenzangu wa maabara alinigeuza nitazame ukuta, akabadilisha vali na kurekebisha mkondo wake kila mara, huku akipiga kipande kile kile. Kwa sauti ya chini nilikisia kama mtu anayerusha sarafu. Kwa sauti ya juu, mawimbi yalipofika mpakani, nilipatia mara nyingi zaidi. Kisha mwenzangu akaongeza sauti ya seti moja kidogo tu, bila kuniambia, nami nikaitangaza kuwa ndiyo bora. Jaribio la mtu mmoja si ushahidi wa kutosha, lakini lilinifundisha kwamba sikio lisilopimwa huuchukua ukubwa wa sauti kuwa uzuri wake.

Haya yanatuhusu nini?

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mwalimu wa sekondari asumbuke na chombo ambacho leo hutengenezwa katika viwanda vichache tu, hasa vya Slovakia, Urusi na China. Nitajibu kwa kumbukumbu. Nilipokuwa kidato cha tatu tulipima mkondo na volti za balbu ndogo. Nukta zangu zilipinda. Nikaambiwa niweke rula na kuchora mstari ulionyooka katikati yake, kwa kuwa kupinda kulikuwa "kosa la jaribio". Nilitii, nikapata alama zote. Miaka mingi ilipita kabla sijajua kwamba nukta zilikuwa sahihi: uzi wa balbu ukipata moto ukinzani wake huongezeka, na grafu hupinda. Niliituzwa kwa kufuta fizikia.

Tukiendelea kufundisha hivyo, tutapata vijana wanaojua kanuni na kuogopa ushahidi. Vali ya nguvu inafundisha kinyume. Mhandisi wa simu aliuita mpindo wa grafu kosa, na kwa kazi yake alikuwa sahihi, maana neno lililosemwa lapaswa kufika kama lilivyo. Lakini amplifaya ya gitaa ni sehemu ya ala. Hakuna anayemlaumu mpiga ngoma kwa kuiotesha ngozi moto ili ibadilike sauti. Waliokataa kuudharau mpindo huo, wakaupima, ndio ambao tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakitengeneza programu za kompyuta zinazoiga amplifaya za vali, nazo zinauzwa dunia nzima. Kazi ya namna hiyo inahitaji kompyuta ya kawaida na kichwa kinachoelewa. Vijana wetu hawajafungiwa mlango huo.

Sisemi kwamba shule zinunue vali. Uzi wa kupasha moto wa EL34 moja hutumia volti 6.3 na ampea 1.5, yaani wati 9.45, kabla ya noti yoyote kusikika. Kwa matangazo ya gwaride transista inafaa zaidi. Wala mwanafunzi asifungue amplifaya ya vali: mna volti 400 na zaidi, na kapasita zake huweza kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Yapo majaribio salama. Daiodi mbili za silikoni zilizounganishwa kwa kupeana migongo, na ishara ndogo ya betri, hukata wimbi karibu na volti 0.6, programu ya simu ya mkononi huonyesha hamoniki zinazozaliwa. Na balbu ile ile ya kidato cha tatu ingalipo.

Mwanafunzi wangu nilimjibu baada ya wiki moja, kwa grafu mbili ubaoni. Nilimwambia kwamba transista ni bora pale tunapotaka ishara ibaki ilivyo, na kwamba mpiga gitaa hataki ibaki ilivyo. Kisha nikampa kazi ya kupima, bila rula, mahali ambapo amplifaya ya bendi yake huanza kupinda.