Kuponi Si Mchezo

Anunuaye jembe hupewa jembe. Lakini katika biashara ya michezo ya kompyuta imezuka desturi ya kumpa mnunuzi chombo mkononi na kuponi juu yake, kwamba mchezo atapewa utakapokwisha kutengenezwa. Desturi hii yatupasa kuitazama vema, kwa kuwa fedha za mnunuzi hulipwa zote siku ile ile, na ahadi ya muuzaji haina siku.

Mfano ulio wazi ni wa mwaka 2003. Kampuni ya ATI ya Kanada, iliyotengeneza kadi za picha za kompyuta na kushindana vikali na NVIDIA ya Marekani, ilipatana na Valve ili mchezo wa Half-Life 2 uende pamoja na kadi zake mpya. Valve ilikuwa imetangaza kwamba mchezo utatoka tarehe 30 Septemba. Siku hiyo ikafika, kadi ya Radeon 9800 XT ikatolewa kwa bei ya dola 499, na mchezo haukuwako. Sandukuni mlikuwa na kuponi. Tarehe 2 Oktoba mkuu wa Valve, Gabe Newell, akatangaza kwamba programu ya mchezo imeibwa katika kompyuta za kampuni. Wako waliotupa lawama yote kwa mwizi. Lakini siku ya ahadi ilikuwa imekwisha pita kabla habari za wizi hazijatangazwa.

Half-Life 2 ulitoka tarehe 16 Novemba 2004. Na kabla ya hapo, mwezi wa Mei, ATI yenyewe ilikwisha kutoa kadi za X800 zilizoipita ile ya kwanza kwa nguvu. Mtu aliyejinyima akanunua kadi ya bei ya juu kwa ajili ya mchezo mmoja alingoja zaidi ya mwaka, na mchezo ulipomfikia, kwa fedha zile zile angaliweza kupata kadi bora. Kweli, kuponi haikutupwa: mchezo walipewa, na Agosti 2004 wenye kuponi waliruhusiwa kuujaribu Counter-Strike: Source. Lakini je, hilo ndilo walilolinunua?

Hapa ndipo ulipo ubovu wa mapatano haya. Mchezo ukikawia waweza kuuzwa mwakani kwa bei ile ile, pengine ukiwa mzuri zaidi. Chombo hakina subira hiyo. Thamani yake hupungua kila mwezi, hata kikikaa rafuni hakijafunguliwa. Wawili wamefungwa kamba moja, mmoja ana haraka na mwenziwe hana, na anayeburutwa ni mnunuzi.

Somo hilo halikushika. Mwezi wa Juni 2020 Microsoft iliuza mtambo wa Xbox One X uliopambwa kwa ajili ya Cyberpunk 2077, mchezo ambao haujatoka. Mwezi wa Julai kampuni hiyo ikasema imekwisha acha kuutengeneza mtambo wa aina hiyo. Mitambo mipya ikaingia madukani tarehe 10 Novemba. Mchezo ukafuata tarehe 10 Desemba, na katika mitambo ya kizazi cha zamani ukawa na kasoro nyingi mno. Sony iliuondoa dukani mwake baada ya juma moja tu. Huku ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe limetiwa nakshi.

Tena kuna watu wasiotajwa kwenye sanduku. CD Projekt Red ya Warsaw, watengenezaji wa mchezo huo, walikuwa wameahidi mwaka 2019 kwamba wafanyakazi hawatalazimishwa kufanya kazi za ziada. Mwisho wa Septemba 2020 wakaamriwa kufanya kazi siku sita kwa juma, ili siku ya 19 Novemba isipite. Malipo ya ziada walipata, kama sheria ya Polandi inavyotaka. Wakazifanyia kazi Jumamosi zao. Na tarehe 27 Oktoba wakubwa wao wakatangaza kwamba mchezo umeahirishwa tena.