Gurudumu la Mbele Linapokwaruza na Kushika

Wiki iliyopita niliahidi kuendelea na habari ya majiko ya gesi, lakini limezuka jambo lililonipa udhuru. Linahusu gari, na kwa upande mwingine linahusu mirathi. Majiko yatakuja wiki ijayo, inshaallah.

Jirani yetu mmoja wa Mtaa wa Mafia, hapa Kariakoo, alifariki na kuacha mjane na watoto watano. Miongoni mwa alivyoviacha ni Peugeot 504 nyeupe, ambayo sisi wa mtaa huu tumeizoea kama tulivyouzoea mlango wa nyumba yake. Muda wote wa eda, miezi minne na siku kumi, gari lile lilisimama ubavuni mwa nyumba bila kuguswa. Eda ilipokwisha, kijana mkubwa aliliwasha, akaenda nalo hadi Magomeni na kurudi. Alirudi na harufu ya kitu kilichoungua, na sauti ya kukwaruza kutoka gurudumu la mbele la kushoto.

Fundi wa kwanza alisema ni beringi. Ikanunuliwa beringi, ikafungwa, na sauti ikabaki pale pale. Fundi wa pili alitazama kwa dakika tano akasema kwamba miguu yote ya mbele imekufa, itafutwe seti nzima ya mtumba. Bei aliyoitaja ilizidi fedha taslimu zote alizoziacha marehemu. Warithi wakakaa kikao, wakaona gari liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo, kisha kila mtu apate fungu lake.

Usiku ule, baada ya swala ya Isha, kijana alinifuata barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo, lakini tangu tuseme gari liuzwe hajatoka chumbani. Hakupinga. Amenyamaza tu."

Nikamwuliza, "Hilo gurudumu linakwaruza, au linashika?"

"Kwani si jambo moja, baba?"

Si jambo moja, ndugu msomaji, na hapa ndipo fedha za watu wengi zinapopotelea. Kukwaruza ni sauti. Kushika ni uzito. Gurudumu laweza kukwaruza huku likizunguka kwa wepesi kabisa, kwa mfano kokoto inapojibana nyuma ya diski, au pedi zinapolika hadi bati lake likagusa chuma. Laweza pia kushika bila kutoa sauti yoyote. Dereva ataona tu kwamba gari ni zito, linakunywa mafuta kuliko kawaida, na usukani unavutwa upande mmoja. Beringi iliyochakaa nayo ina mlio wake: huvuma, huongezeka kwa mwendo wala haijali kama umekanyaga breki. Ukiwa katika mwendo ukakata kona ya kulia, uzito wa gari huangukia magurudumu ya kushoto. Mvumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kushoto. Kona ya kushoto hukupa habari ya kulia. Mlio unaobadilika pale unapokanyaga breki, huo utafute kwenye breki.

Nilimwuliza tena kijana kama marehemu aliwahi kulalamikia gari hilo. Akafikiri kidogo, kisha akasema kwamba mwezi wa mwisho wa uhai wake baba yake alikuwa akisema gari limekuwa zito, na kwamba linapenda kwenda kushoto. Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko spana zote za fundi wa pili. Kusimama miezi minne katika hewa ya chumvi ya Dar es Salaam kwaweza kutia kutu kwenye diski na kugandisha pedi, lakini ugonjwa huu ulianza kabla ya msiba.

Niseme neno juu ya gari lenyewe, maana vijana hudhani kila cha zamani ni kibovu. Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968, ikarithi njia iliyopasuliwa na 404. Hiyo 404 ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966, na ushindi wa 1966 na wa 1967 uliletwa na Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa hapa hapa Tanzania. Mwaka 1975 Safari ikachukuliwa na 504 ya Ove Andersson. Ufaransa ilipoacha kuunda saluni hizo mwaka 1983, Kenya na Nijeria ziliendelea kuziunganisha kwa miaka mingi. Ndiyo maana spea zake hazijatoweka, japo sasa zahitaji miguu ya kuzitafuta.

Jumamosi asubuhi, kabla mikokoteni haijajaza mtaa, tulizuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, tukapandisha mbele kwa jeki, kisha tukaweka stendi za chuma chini ya gari. Nawaomba sana: msiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, na watoto wakae mbali. Gurudumu la kulia lilizunguka kwa kidole. La kushoto lilizunguka pia, kwa mkwaruzo mdogo. Fundi mwenye haraka angeishia hapo na kusema hakuna kinachoshika. Nikamwambia kijana akanyage breki mara tatu kwa nguvu, kisha aachie. La kulia likawa huru mara moja. La kushoto likabaki limekazwa, mikono yangu miwili haikuliweza.

Hapo maswali yakapungua. Ingekuwa kosa ni la masta silinda, yaani pampu kubwa ya breki, magurudumu yote mawili ya mbele yangeshika. Basi tatizo lilikuwa upande wa kushoto tu: ama pistoni ya kalipa imegandia kwa kutu, ama mafuta ya breki yanakwenda lakini hayarudi. Nililegeza kiungo ambapo bomba la chuma hukutana na mpira wa breki. Mafuta yalidondoka kidogo, gurudumu halikufunguka. Nikakaza. Kisha nikalegeza skrubu ya kutolea upepo, ile iliyo kwenye kalipa yenyewe, robo mzunguko tu. Mafuta yakaruka kwa shinikizo, na gurudumu likalegea papo hapo.

Tazama hoja ilivyo. Kalipa iliachia mara tu shinikizo lilipotolewa, kwa hiyo pistoni haikugandia. Juu ya mpira palifunguliwa, na bado shinikizo likabaki limenaswa chini. Kati ya sehemu hizo mbili hamna kitu kingine ila mpira wenyewe, kipande kifupi kuliko mkono wako.

Mpira wa breki huzeeka kwa ndani. Nje waweza kuonekana mzima, na ndani umevimba na kufumuka, ukabakiza tundu jembamba. Mguu wa dereva una nguvu ya kusukuma mafuta yapite hapo; kurudi hayana wa kuyasukuma. Pedi zikawa zinasugua diski mchana kutwa, zikalika hadi chuma, na huo ndio mkwaruzo. Joto likayeyusha grisi ya beringi, na ndiyo maana fundi wa kwanza aliikuta ile ya zamani kavu. Hakusema uongo. Alitibu kilichounguzwa, akauacha moto.

Na moto huo ni hatari. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na mji wetu una unyevu mwingi. Mafuta mapya ya DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205. Yakishanyonya maji, kiwango chake hushuka hadi 140. Breki inayosugua bila kupumzika hufika huko kwa urahisi. Mafuta yakichemka hufanya mvuke, na kanyagio huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Gari lile lilikuwa likivuta kushoto, na kushoto kwake katika Barabara ya Msimbazi kuna wauza maembe, wanafunzi, na akina mama waliobeba watoto.

Tulikwenda Gerezani na mpira wa zamani mkononi. Usinunue kwa maneno. Hesi zake na urefu wake lazima vilingane na ule uliotoka. Ukunje mpya taratibu, na ukiona nyufa ndogo, urudishe, maana umezeekea dukani. Tulinunua miwili, kushoto na kulia, na pedi za pande zote mbili, kwa kuwa breki haifungwi upande mmoja. Diski ilikuwa bado nene, tukaisawazisha. Tukamwaga mafuta yote ya zamani, yaliyokuwa meusi kama kahawa, tukatia mapya kutoka kopo lililofungwa, tukatoa upepo. Msikubali kamwe kutiliwa oili ya injini humo. Huvimbisha kila mpira uliomo. Gharama yote haikufika sehemu ya kumi ya ile seti ya mtumba.

Alasiri tulishuka Jangwani hadi Magomeni na kurudi. Nilidondosha maji kidogo kwenye diski zote mbili za mbele, upande mmoja baada ya mwingine, na yakakauka sawasawa, bila kuchemka. Mpira wa zamani tuliupasua kwa kisu, na tundu lake halikupitisha hata njiti ya kiberiti.

Kikao cha warithi kimerudishwa Jumapili hii, mbele ya imamu wa msikiti wetu, ili gari lithaminiwe upya kama gari. Mama ametuma ujumbe kwamba huenda akataka lihesabiwe katika fungu lake.