Usinunue Kidhibiti Feni, Nunua Brashi

Leo nimeudhika, na wewe msomaji wangu itabidi univumilie.

Jirani yangu hapa Gatitu ana kibanda cha kuchapa na kutoa kopi. Kompyuta yake ni ya mezani, mtumba wa ofisini kutoka Uingereza, kama wengi wetu tulivyo nazo. Mwezi uliopita ilianza kunguruma kama mashine ya posho. Akaipeleka dukani, akauziwa kidhibiti feni: kisanduku chenye vitufe vinne vya kuzungusha kama vya redio na taa za bluu za kupendeza. Kikafungwa, vitufe vikarudishwa chini, kelele ikaisha. Siku ya nne kompyuta ikajizima yenyewe, na kurasa 30 za mradi wa mwanafunzi mmoja zikaenda na maji.

Ndipo akaniita. Nilipoiwasha ikasimama na kuandika onyo kwamba haioni feni yake. "Hiyo fundi aliniambia nibonyeze F1 kila asubuhi, itaendelea," akaniambia. Jamani! Mashine inapiga mayowe kwamba kuna hatari, na ushauri wa fundi ni kuiziba mdomo.

Nikafungua ubavu. Kati ya mapezi ya kile chuma cha kupoozea prosesa kulikuwa na vumbi jekundu la barabara yetu, limegandamana kama blanketi. Pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma ilikuwa imekauka kama chaki. Hewa haikuwa na pa kupita, na joto halikuwa na njia ya kutoka. Kwa hiyo bodi ilikuwa ikiikimbiza feni kwa nguvu zake zote, na ilikuwa na haki kufanya hivyo.

Hoja yangu ni hii: ile kelele haikuwa ugonjwa, ilikuwa dalili. Anayekuuzia kitufe cha kuinyamazisha bila kufungua kompyuta hajakutibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe ni bodi mpya.

Tuangalie jinsi mambo haya yanavyofanya kazi. Feni za pini 3 hupunguzwa kasi kwa kupunguza voliti kutoka 12. Ukishusha sana, feni husimama, na nyingine hazianzi tena mpaka uziongeze. Feni za pini 4 hupata voliti 12 wakati wote, na waya wa nne huzipelekea mapigo takriban 25,000 kwa sekunde ya kuziambia zikaze au zilegeze. Mapigo hayo yako juu ya kiwango ambacho sikio la binadamu husikia. Nani anayatuma? Bodi yako. Ina sensa ya joto ndani ya prosesa, ina programu ya kuamua, na hufanya hivyo usiku na mchana bila kuchoka. Yaani kidhibiti feni unacho tayari, na ulikilipia uliponunua kompyuta.

Kile cha vitufe hakijui joto. Kinajua mkono wako tu. Saa mbili asubuhi ukiandika barua, utakiweka chini. Saa nane mchana ukikandamiza video, je, utakumbuka kukipandisha? Prosesa nyingi za Intel hujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 100, na hali ikizidi huzima. Utadhani kompyuta imezeeka, kumbe ni wewe uliyeikaba koo.

Kuna wanaonijibu kwamba huku kwetu ni baridi, kwa hiyo hakuna neno. Ni kweli nusu. Chumba kikiwa na nyuzi 18 badala ya 30 za Mombasa, prosesa nayo itakuwa chini kwa karibu nyuzi 12 feni ikienda kasi ileile. Lakini Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na hewa hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo kila mzunguko wa feni hubeba joto pungufu. Baridi ya Julai inatusaidia, ila haiwezi kupenya blanketi la vumbi.

Basi fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Tafuta kelele inatoka wapi. Kunja karatasi kama bomba, weka ncha moja sikioni, elekeza nyingine kwenye kila feni. Ikiwa ni ya pawasaplai, usiifungue mwenyewe. Ndani yake umeme hubaki hata baada ya kuchomoa waya. Na ujue kwamba kidhibiti cha vitufe hakiigusi feni hiyo.

2. Zima, chomoa, toa vumbi kwa brashi laini ya rangi na blowa. Shika feni kwa kidole isizunguke unapopuliza.

3. Futa pesti kavu, paka mpya kidogo tu.

4. Ingia kwenye BIOS uweke feni ifuate joto: itulie chini ya nyuzi 60, ifike mwisho kabla ya 85. BIOS yako ikikataa, Linux ina lm-sensors, pwmconfig na fancontrol, zote bure, ingawa bodi nyingine za maofisini huzikataa pia.

5. Bado kuna kelele? Kama kasha linaruhusu, badilisha feni ya milimita 80 kwa ya 120. Eneo lake ni zaidi ya mara mbili, kwa hiyo inapitisha hewa ileile ikienda polepole. Na feni ikipunguza kasi kwa nusu, kelele yake hushuka kwa karibu desibeli 15. Angalia plagi kwanza, maana mashine nyingi za maofisini zina plagi zao za peke yao.

Je, kidhibiti cha kununua hakina kazi kabisa? Kinayo. Mwenye kasha la feni sita na bodi yenye soketi mbili anakihitaji. Lakini anunue kile kinachopokea amri kutoka kwenye bodi, si kinachongoja vidole vyake.

Ya jirani yangu nilirudisha feni kwenye soketi yake, nikamaliza hatua ya pili na ya tatu, na bodi ikaipunguza yenyewe. Onyo la asubuhi limekwisha. Sasa kinachosikika kibandani ni printa. Kile kisanduku cha taa za bluu kiko juu ya rafu, kinashikilia karatasi zisipeperuke. Mradi wa yule mwanafunzi aliuchapa upya usiku kucha, bila malipo.

Ukienda dukani na kompyuta inayonguruma, muulize fundi swali moja kabla hujatoa pesa: "Umeifungua?"