Kabla Hujatoa Pesa ya Pampu

Mwezi huu tuwaache wakwe na mawifi wapumzike kidogo, tuongelee kitu kingine kinacholeta ugomvi ndani ya nyumba: gari kuukuu. Wengi wenu mnaanza maisha na gari la mkononi, na pikapu inapendwa kwa sababu wiki nzima inawapeleka kazini na Jumamosi inabeba saruji. Shida inakuja pale inapoanza kugoma asubuhi.

Yetu ni ya dizeli, ya mwaka 1996. Tunaishi Iringa, na baridi ya Juni na Julai kule haina utani. Ikawa kila asubuhi unapiga stata weee, gari linakohoa, linatoa moshi mweupe, na likiwaka linatetemeka kama lina homa. Baada ya dakika mbili tatu linatulia. Mchana linawaka mara moja tu. Fundi mmoja akatuambia, bila hata kufungua boneti, kwamba pampu imekufa: shilingi 900,000. Pesa hiyo ilikuwepo, ila ilikuwa ya bati za nyumba yetu. Mwenzangu akasema itoke, maana bila gari hafiki kazini. Mimi nikasema haitoki ng'o. Siku tatu tukawa tunaongea kwa "naomba chumvi" tu.

Kilichotutoa hapo ni swali ambalo wote wawili tulilikubali: nani amethibitisha kwamba ni pampu? Tukakubaliana bati zisiguswe mpaka tupime.

Sasa twende taratibu. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyepata hataza ya injini hiyo mwaka 1893, alitumia hewa yenyewe: ikikandamizwa sana inapata joto la kuwasha mafuta. Lakini asubuhi ya baridi, chuma cha injini kinanyonya joto hilo. Ndiyo maana injini nyingi za zamani zina hita, moja kwa kila silinda, zinazopasha moto kabla hujapiga stata. Yetu ina silinda nne, kwa hiyo hita nne.

Cha kwanza, sikiliza stata. Ikizunguka kwa uvivu, anza na betri. Betri iliyojaa, gari likiwa limepumzika, inasoma karibu volti 12.6. Ukipiga stata ikashuka chini ya volti 9.6, betri ni dhaifu, au vichwa vyake vimeshika kutu, au waya wa erthi umelegea. Safisha na kaza kwanza, kabla hujanunua chochote. Yetu ilizunguka vizuri, tukaendelea.

Cha pili, tazama moshi wakati unapiga stata. Kama hakuna moshi kabisa, huenda mafuta hayafiki. Moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli maana yake mafuta yanafika ila hayaungui.

Cha tatu, pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli. Ibonyeze asubuhi kabla ya kuwasha, mpaka iwe ngumu. Gari likiwaka vizuri baada ya hapo, ujue upepo unaingia kwenye mipira usiku, au dizeli inarudi kwenye tangi. Sisi tulibonyeza, ikawa ngumu mara moja, na gari likatetemeka vile vile. Mafuta yalikuwa yapo.

Cha nne, hita zenyewe. Hapa wengi wanadanganyika na ile taa ya dashibodi. Kwenye magari mengi ya zamani, taa hiyo inazimika kwa muda uliopangwa tu. Haikuambii kama hita zinafanya kazi. Fundi umeme wa magari akafungua bati linalounganisha hita zote, akachukua taa ya kupimia, upande mmoja akaushika kwenye chanya ya betri, upande wa pili akagusa kichwa cha kila hita. Mbili zikawasha taa. Mbili kimya. Jibu ndilo hilo: asubuhi silinda mbili zilikuwa zinaungua, mbili zinatema dizeli mbichi hadi injini ipate joto.

Tulibadilisha hita zote nne, maana umri wao ni mmoja. Pamoja na ufundi, haikufika hata robo ya bei ya ile pampu. Bati ziko juu ya nyumba sasa hivi.

Ingekuwa hita ni nzima, tungeendelea kwenye nozeli, kipimo cha kompresheni, na taimingi ya pampu. Pampu ipo kwenye orodha, ila inakaa mwishoni, pamoja na vitu vingine vya gharama. Na tafadhali, usikubali mtu apulize dawa ya kuwashia kwenye injini yenye hita. Inaweza kulipuka ndani na kuharibu pistoni, au ikakuunguza wewe.

Neno langu kwa wapenzi na wanandoa: fundi akitaja bei, mwulize amepima nini na ameona nini. Aliyepima hatakasirika. Na nyie wawili msianze kugombania pesa kabla hamjajua ugonjwa, maana yule anayetaka itoke na yule anayetaka ibaki, wote mnakuwa mnabishana gizani. Amkeni mapema, mmoja akae kwenye stata, mwingine asimame nyuma aangalie moshi. Kazi ya dakika kumi, na chai mnakunywa pamoja.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.