Kabla ya injini, breki jamani!

Wapo walioniuliza kama nimedisko, maana nimekuwa kimya tangu tumalize UE. Sijadisko, bado bado. Nilikuwa nyumbani Mbulu, kijijini, huko nyuma ya Dongobesh, ambako mtandao unaupata ukipanda juu ya kichuguu na kuinua mkono. Leo sina habari za chuo. Nataka kuongea habari ya gari, na najua nitawaudhi watu wa ukoo wangu, lakini potelea mbali, wengi wao hata hawasomi hapa.

Kwetu kuna Land Rover 109, Series III, ya petroli, yenye mabenchi mawili marefu huko nyuma. Babu aliinunua miaka ya 1980 ikiwa tayari imeshachoka. Nyie mliozaliwa mjini mnaweza msielewe gari la namna hii lilikuwa nini pale kijijini. Ilibeba wagonjwa, ilibeba maharusi, ilibeba majeneza, na siku zisizo na mgonjwa wala harusi wala msiba ilibeba vitunguu saumu kwenda Babati. Mama anasema mimi mwenyewe nilibakiza kidogo tu kuzaliwa ndani yake, njiani kwenda hospitali ya Haydom, mvua za Aprili, tope limefika kwenye habu. Baba mkubwa alikuwa kwenye usukani, bibi yuko nyuma kamshika mama mabega. Walifika, na mimi nikazaliwa kitandani kama watu wengine.

Sasa gari hilo liko juu ya mawe. Miaka miwili iliyopita lilikuwa linashuka kutoka Bashanet kwenda Dareda na magunia ya vitunguu saumu. Aliyewahi kupita pale anajua: ule ni ukingo wa Bonde la Ufa, barabara inashuka kwa kona kona na upande mmoja huoni kitu ila mawingu na mashamba huko chini kabisa. Baba mkubwa akakanyaga breki, pedali ikaenda mpaka chini kama inaingia kwenye uji. Akapiga gia ya pili, akapiga ya kwanza kwa nguvu mpaka gia boksi ikalia, kisha akafanya jambo pekee lililobaki, akalichomeka gari kwenye gema la udongo upande wa mlima. Hakufa mtu. Utingo alivunjika mguu, na hadi leo anachechemea. Sababu? Bomba moja la mafuta ya breki, jembamba kama kalamu, lilikuwa limeoza kwa kutu likapasuka. Gari letu lina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo likipasuka bomba moja, zimekwenda zote.

Nimeanza na habari hiyo makusudi, kwa sababu kwenye kikao cha ukoo likizo hii watu waliongea saa tatu nzima kuhusu kulifufua gari la babu, na neno breki halikutajwa hata mara moja.

Kikao chenyewe kilikuwa na kambi tatu. Kambi ya kwanza ni baba mkubwa, ambaye amepata mteja kutoka Arusha anayetaka kulinunua kwa milioni 7 lilivyo, akaliweke kama pambo mbele ya hoteli ya watalii. Watalii wapige picha. Kambi ya pili ni kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anaishi Dar na ana pesa kidogo. Yeye anataka "kulifanya la kisasa": injini ya 300Tdi, matairi makubwa, snoko ya kupandia mtoni, taa za rangi, na muziki wa kutikisa madirisha. Kambi ya tatu ni mama na shangazi, ambao hawana maneno mengi. Wanataka gari litembee. Liende mnadani, liende shule, mtu akiugua usiku liwake.

Mimi nasoma Uhandisi Mitambo mwaka wa tatu, kwa hiyo nyumbani wananiita fundi, ingawa kusema kweli sikuwahi kufungua hata nati moja ya Land Rover mpaka likizo hii. Waliponigeukia na kuniuliza, "haya fundi, wewe unasemaje?" nilisema kitu ambacho kilimkasirisha kaka mpaka leo hapokei simu zangu. Nilisema: injini yako hiyo itaua watu.

Ngojeni nieleze, maana pale kikaoni sikupewa nafasi.

Injini ya petroli ya lita 2.25 iliyoko kwenye gari letu inatoa nguvu za farasi kama 70 tu ikiwa mpya, na yetu haijawa mpya kwa muda mrefu sana. Ile 300Tdi inatoa 111. Kila mtu anaona faida: itapanda mlima bila kulia, itakula dizeli kidogo, wakati ile ya petroli ukibahatika inakupa kilomita 5 kwa lita. Sawa. Lakini gari lile lilitengenezwa kwa mwendo wa taratibu na breki zake ni dramu mbele na nyuma. Ukilipa injini ya kukimbia, utakimbia, hakuna dereva anayeongezewa nguvu akaendelea kwenda pole pole. Na hesabu ya fizikia ni ya sekondari: ukitoka kilomita 50 kwa saa ukaenda 70, nishati mwendo haiongezeki kwa kiasi kile kile ulichoongeza mwendo, inakaribia kuwa mara mbili. Hiyo yote breki ndizo zitakazoimeza na kuigeuza joto. Kwenye mteremko mrefu kama ule wa Dareda, dramu ikipata moto sana inatanuka na kujitenga na breki shuu, na breki shuu zenyewe zikichemka zinateleza. Unakanyaga, gari haliskii. Na mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu yakikaa muda mrefu. Yakipata joto lile maji yanachemka, unabaki unakanyaga mvuke. (Utingo wetu aliwahi kunisimulia kwamba siku moja walipungukiwa mafuta ya breki wakajazia maji ya sabuni ya unga, wakafika Babati. Alisimulia kwa fahari kabisa.)

Sasa hebu fikirieni mambo ya magari haya kwa upana kidogo. Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover, mamia kwa mamia, kwa ajili ya msafara wa kuvunja rekodi ya dunia ambayo Wajerumani walikuwa wameiweka mwaka 2018. Nilitazama picha zote na nilifurahi, siwezi kusema uongo. Kuna za kila namna, za wazee na za vijana, nyingine zinang'aa kama sahani ya harusi. Lakini katika picha zote zile watu walisifia rangi, matairi na injini. Breki hazipigwi picha, na nadhani ndiyo maana pesa haifiki huko.

Na huko zilikotoka pia kuna mambo. Series ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam Aprili 1948, bodi ya alumini kwa sababu Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha shida. Mwaka 2016 walifunga uzalishaji wa Defender ya zamani pale Solihull, na mwaka huo huo kampuni yenyewe ikaanza kuuza Series ya kwanza zilizofufuliwa zikawa kama zilivyotoka kiwandani, nati kwa nati, kwa bei ambayo hapa unajenga nyumba na kubakiza ya kuku. Wazungu wenye mapenzi na magari haya wapo ambao ukibadilisha hata skrubu wanaona umekufuru. Siwacheki, kila mtu na starehe yake. Ila gari la kukaa bandani likifunikwa shuka na gari la kubeba mama mjamzito usiku ni vitu viwili. Halafu Arusha kuna kampuni za utalii zilizokwisha kutoa injini za dizeli kwenye magari ya safari na kuweka mota za umeme, simba wasisikie kelele. Hiyo naipenda kama mwanafunzi, lakini kule kwetu nitachaji wapi?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Simuungi mkono baba mkubwa kuuza, na simuungi mkono kaka kulipamba. Lifanywe la kisasa, ndiyo, lakini kuanzia chini. Kwanza mabomba yote ya breki yang'olewe, yawekwe ya shaba, mipira yote mipya. Master silinda ya chumba kimoja itoke, iwekwe ile ya vyumba viwili pamoja na servo yake, ambayo Land Rover wenyewe waliifunga kwenye Series III nyingine, na kwa hiyo inakaa bila kuchonga chonga. Hapo bomba moja likipasuka bado una magurudumu mawili ya kukusimamisha. Dramu zichongwe au zibadilishwe, breki shuu mpya, wili silinda mpya. Ndipo tuje kwenye taa, na siongelei taa za rangi. Waya za zamani zinapitisha umeme wote wa taa kwenye swichi mpaka inaungua. Rilei mbili za bei ya chipsi mayai zinamaliza tatizo. Mikanda ya kiti kwa watu watatu wa mbele. Na wale wa nyuma kwenye mabenchi, hapo sina jibu zuri. Mabenchi ya kukaa ubavu ni hatari, lakini ukiyatoa umeondoa nusu ya kazi ya gari. Nilipendekeza wapunguzwe watu, shangazi akanicheka: "Mwanangu, siku ya msiba utamshusha nani?"

Injini ije mwisho. Na ikija, mimi sioni dhambi kuweka hata ya Toyota, ile 3L ya dizeli ya lita 2.8 iliyokuwa kwenye Hiace. Najua wapenzi wa Land Rover watanipiga mawe hapa. Lakini haina turbo wala makuu, mafundi wengi wanaijua, na spea zake hutafuti mbali. Shida ni kwamba inabidi uchongeshe bamba la kuunganisha na gia boksi, na bamba likichongwa vibaya utabadilisha klachi kila mwezi. Jambo jingine ambalo vijana wengi wanalipuuza: kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadilisha injini upeleke taarifa TRA kadi irekebishwe, la sivyo siku ukisimamishwa utaonekana unaendesha injini ya wizi. Kuhusu ada ya mwaka ya barabara mzee asiwe na hofu, ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita, kwa hiyo gari lililo juu ya mawe halizidi kuongeza deni kila mwaka kama zamani.

Vingine viachwe. Springi za mapasi zibaki, zikikatika fundi chuma wa kijijini anakuongezea pasi. Bodi ibaki na mabonde yake. Zile vidirisha viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele visiguswe kabisa, ingawa kwa baridi ya Mbulu ya Julai ningefurahi kuona hita inafanya kazi kabla sijafa.

Kuna hoja moja ya baba mkubwa ambayo kusema kweli sikuweza kuijibu, na nisiifiche. Alisema milioni 7 ni ada ya mdogo wangu na bado zinabaki za bati, wakati mimi naongelea kutumia pesa, si kupata. Ni kweli. Pia alisema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani siku ile, na kila akiliona gari pale uani anasikia pedali inavyozama. Hapo kikao kizima kilinyamaza. Nikagundua kwamba huenda hataki pesa za mteja kiasi hicho, anataka gari liondoke machoni pake. Mimi kijana wa chuo nilikuwa namfundisha habari za breki mtu aliyewahi kukosa breki. Nilijisikia vibaya sana.

Lakini bado sijabadili mawazo. Likienda hotelini, mgonjwa wa kwetu atapanda bodaboda kwenye tope lile lile.

Boom lilipoingia nilifanya kitu ambacho wenzangu wa chumbani wamekiita wendawazimu. Nilinunua master silinda ya vyumba viwili, imetumika lakini nzima, na kiti chake cha mipira mipya, nikaiweka kwenye boksi la viatu, nikaikabidhi kwa kondakta wa basi la Babati. Mwezi huu nakula maharage, msinialike popote panapochangiwa.

Juzi usiku baba mkubwa kapiga simu. Shikamoo, marahaba, habari za masomo, nzuri. Hakusema asante, wala hakusema kama mteja wa Arusha amemkubalia au amemkatalia. Akakaa kimya kidogo, nikawa nasikia chuma kinagongwa gongwa kwa nyuma. Kisha akauliza: "Hivi, huu mpira mdogo mweusi uliobaki kwenye boksi, unakaa upande gani?"