Mabosi Watatu, Mwajiri Hakuna: Kilio cha Wapanga Bidhaa wa Supamaketi

Sisi tunaopanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi za Nairobi na miji inayoizunguka, kuanzia Thika hadi Rongai na Kitengela, tuna jambo la kusema. Tunalisema kwa pamoja kwa sababu anayelisema peke yake hupoteza kazi kesho yake. Mnatuona kila siku. Tumevaa fulana au aproni yenye nembo ya kampuni ya sabuni, ya unga, ya maziwa, ya madaftari na kadi. Mnatuuliza bei, mnatuuliza chumvi iko wapi, na wengi wenu mnadhani sisi ni watu wa duka. Duka halitulipi hata senti moja. Kampuni ambayo nembo yake tumeibeba kifuani pia haitulipi. Anayetulipa ni wakala wa ajira, ofisi ambayo wengi wetu tuliingia mara moja tu, siku ya kutia sahihi.

Hapo ndipo shida zetu zinapoanzia. Kampuni yenye bidhaa ndiyo inayotupa ramani ya rafu, ikisema chupa ngapi zikae usawa wa macho na zipi zishuke chini, na ndiyo inayodai picha za rafu hiyo kila asubuhi. Meneja wa tawi ndiye mwenye amri juu ya mlango, stoo na muda wetu wa kula. Wakala ndiye mwenye mkataba. Ukidai malipo ya saa za ziada, meneja anakwambia kamuulize aliyekuleta. Wakala anakwambia kampuni haijatuma pesa. Kampuni inakwambia haina mkataba na wewe. Lakini siku rafu ikionekana tupu, wote watatu wanajua namba yako ya simu.

Waangalieni wenzetu wa msimu, wale wanaoitwa kwa saa chache katika kila duka. Kuelekea mtihani wa kidato cha nne, KCSE, huletwa stendi za kadi za kuwatakia watahiniwa heri. Desemba ni kadi za Krismasi na karatasi za kufungia zawadi. Januari ni madaftari na kalamu za shule zikifunguliwa, na Februari ni kadi nyekundu za siku ya wapendanao. Mtu asiyeijua kazi huiona stendi ya kadi kama kitu chepesi. Kila mfuko wa stendi una kadi yake, na kila kadi ina bahasha ya kipimo chake. Mteja huvuta kadi tano akazisoma, akarudisha mbili mahali pasipo pake, akaacha moja kwenye biskuti, na bahasha ikabaki sakafuni ikikanyagwa. Kadi isiyo na bahasha haiuziki. Kwa hiyo mpangaji hupitia mfuko baada ya mfuko, analinganisha kadi na bahasha, anatoa zilizokunjika ncha, anazifungua zile zinazoimba kusikia kama betri ingali na nguvu, anaandika zilizoisha, kisha anakwenda stoo kutafuta katoni iliyofukiwa chini ya mizigo ya watu wengine.

Saa alizopangiwa humwishia papo hapo stoo, akimngoja karani wa kupokea mzigo amalize kuhesabu lori la soda. Hizo dakika za kungoja hazilipwi. Akitoka hapo anapanda matatu kwenda duka la pili, halafu la tatu, kwenye foleni mnayoijua wenyewe, na mvua ikinyesha nauli inapanda maradufu. Muda wa barabarani haulipwi, na nauli anajitolea mfukoni. Jioni, akijumlisha, ameondoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, ila kwenye karatasi ya wakala amefanya kazi saa chache tu. Huyo ndiye mnayeambiwa ni mfanyakazi wa nusu siku. Nusu iko kwenye malipo peke yake. Msimu ukiisha, stendi inabebwa, naye anaambiwa, "Tutakupigia."

Sisi wa kudumu, ikiwa neno hilo linatufaa, hatuna nafuu kubwa. Ndani ya duka majina yetu hayajulikani. "Wewe wa maziwa, hebu saidia kushusha unga." "Wewe wa sabuni, shika fagio hapo." Lori likifika bila wapakuzi wa kutosha, tunaitwa sisi. Foleni ya kulipa ikiwa ndefu, tunaitwa kufunga bidhaa za wateja. Usiku wa kuhesabu stoki, milango inafungwa nasi tukiwa ndani, tunahesabu hata bidhaa za kampuni shindani, na tunatoka saa ambazo matatu za mtaa wetu zimekwisha. Hakuna anayetuandikia saa hizo. Meneja anasema ni ushirikiano. Wakala anasema hakututuma.

Anayekataa, meneja wa tawi huandika ujumbe mfupi kwa wakala: huyu hatumtaki hapa tena. Maneno hayo machache yanatosha. Hakuna barua ya onyo, hakuna kikao, hakuna anayekuuliza upande wako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi asifukuzwe kwa kosa kabla ya kuelezwa kosa lenyewe na kusikizwa, akiwa na mwenzake kando yake. Wakala atakujibu kwamba hujafukuzwa, ila huna kituo. Unakaa nyumbani bila kituo na bila mshahara, na kwenye vitabu vyao bado wewe ni mfanyakazi.

Tuje kwenye pesa. Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida katika Nairobi, Mombasa na Kisumu kiliwekwa kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi, na juu yake mwajiri anatakiwa kuongeza marupurupu ya nyumba ya asilimia 15 ikiwa hampi makao. Kanuni za jumla za mishahara zinasema wiki ya kawaida isizidi saa 52 ndani ya siku sita, na saa inayozidi hapo ilipwe mara moja na nusu, au mara mbili ikiwa ni siku ya mapumziko au sikukuu. Wapo kati yetu wanaolipwa kwa siku, na mwezi ukikatwakatwa na siku za "leo usije" hawafikii kiwango hicho. Na wapo wanaokifikia kwenye karatasi, wakapungukiwa mkononi.

Makato yenyewe tunayajua. SHIF, ile ya bima ya afya, inachukua asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, na NSSF, ile ya akiba ya uzeeni, sehemu yake. Hatupingi kukatwa kilicho halali. Sisi pia tunaugua, na sisi pia tutazeeka. Tunachopinga ni kukatwa kisha pesa zisifike. Mwenzetu mmoja alimpeleka mtoto hospitalini akaambiwa michango yake haionekani, ilhali hati ya mshahara iliyokuwa mkobani mwake inaonyesha amekatwa. Wengine hata hiyo hati hawajawahi kupewa. Wanapokea ujumbe wa M-Pesa wenye kiasi tu, na hawajui kilichopungua kimepungulia wapi.

Halafu kuna hasara. Maziwa ya mgando yakipitwa na tarehe yakiwa kwenye friji, mpangaji analipishwa. Kadi zikiibwa, analipishwa. Krimu ya uso ikipotea, analipishwa. Sisi tunajua kazi yetu: za zamani zije mbele, mpya zikae nyuma, na kinachokaribia tarehe kiripotiwe mapema. Tunaripoti. Picha zipo, tarehe zipo. Kampuni ikileta katoni nyingi kuliko zinavyonunuliwa, au friji ya duka ikizimika usiku, hasara hiyo si ya mtu anayelipwa kwa siku. Sheria inaruhusu mwajiri kukata gharama ya uharibifu uliotokana na uzembe wa makusudi, tena kwa kiasi cha haki. Haikusema kila kilichoharibika kigeuzwe deni la aliye karibu nacho.

Ongezeni na gharama zinazotutoka kabla hata ya mshahara kuingia. Simu ya kupiga picha za rafu ni yetu, na data ni yetu. Programu inayoonyesha kwamba umefika dukani inadai uso wako na mahali ulipo, na mtandao ukisumbua, siku nzima inahesabiwa hukuja. Cheti cha afya cha wanaoshughulika na chakula, ambacho lazima kifanywe upya kila miezi sita, tunakilipia. Cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi tunakilipia. Viatu vyeusi tunanunua wenyewe, na vinakwisha upesi kwa mtu anayesimama kutwa, kwa sababu kukaa chini dukani ni marufuku.

Mikataba yetu ni ya miezi mitatu mitatu. Ikiisha, mwingine unatiwa sahihi, wakati mwingine baada ya wiki mbili za kukaa nje ili ionekane ni kazi mpya. Kuna wenzetu walioanza hivi kabla ya kuzaa, na sasa watoto wao wako shuleni. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinaeleza kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja, au anayefanya kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika ndani ya miezi mitatu, anapaswa kuhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Rafu za supamaketi zinahitaji kupangwa kila siku ya Mungu. Hiyo si kazi ya miezi mitatu. Sheria hiyohiyo inatoa likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kila mwaka, na miezi mitatu ya uzazi kwa mama. Lakini mkataba unaokatika kila robo mwaka hauruhusu mwaka kutimia, na dada zetu wakishika mimba, mkataba wao ndio usiorudi.

Tunaambiwa mchagua jembe si mkulima. Tunaambiwa nje kuna vijana wenye diploma wanaoililia nafasi hii. Ni kweli wako, na ni ndugu zetu, wadogo zetu, majirani zetu. Wingi wao haumpi mtu ruhusa ya kutolipa saa iliyofanyiwa kazi. Kama ungetoa ruhusa hiyo, hakuna fundi wala mwalimu ambaye angelipwa nchi hii, maana kila kazi ina watu wanaoingoja.

Tunaambiwa pia twende kwenye chama. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, mazingira mazuri ya kazi, kujiunga na chama na kugoma. Wafanyakazi wa supamaketi wenyewe wanaweza kujiunga na chama cha wafanyakazi wa biashara na vyakula, KUCFAW. Lakini sheria inadai chama kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa mwajiri mmoja ndipo kitambuliwe. Sisi tumetawanywa: mmoja wa unga hapa, mmoja wa sabuni pale, kila mmoja wa wakala wake, wengi wakiwa hawajawahi kuonana. Tunaofanya kazi bega kwa bega kwenye rafu moja tuna waajiri watano tofauti. Na supamaketi za Nakumatt zilipoanguka, kisha za Tuskys, tuliokuwa tukipanga humo hatukuwa hata kwenye orodha ya wafanyakazi wa duka wanaodai. Tawi lilifungwa, kituo kikafa, tukaambiwa tungoje simu.

Madai yetu si makubwa. Saa ianze kuhesabiwa tunapoandikisha jina mlangoni na iishe tunapotoka, stoo ikiwemo, usiku wa stoki ukiwemo. Anayehudumia maduka matatu kwa siku alipwe muda wa kutoka moja hadi jingine na arudishiwe nauli. Kila malipo yaje na hati inayoonyesha kilichokatwa na kilikopelekwa. Kazi isiyoisha iwe na mkataba usioisha kila robo mwaka. Vyeti, data na viatu vya kazi vilipiwe na wanaovihitaji kwa biashara yao. Duka likitaka wapakuzi na wafagiaji, liajiri wapakuzi na wafagiaji. Na kampuni ambayo nembo yake tumeivaa ibebe lawama pamoja na wakala wake pale mshahara unapokosekana, kwa sababu faida ya rafu iliyopangika inaingia kwake.

Wizara ya Leba ina maafisa wenye mamlaka ya kuingia mahali popote pa kazi na kudai rekodi. Tunawaomba wasije asubuhi wakapokewa na meneja ofisini kwake. Waje usiku wa kuhesabu stoki, milango ikiwa imefungwa, wasimame kati ya rafu, na wamuulize kila aliyevaa nembo ya kampuni maswali mawili: nani anakulipa kwa saa hii, na kiasi gani? Wayaandike majibu, kisha waende na karatasi hiyo kwa wakala, kwa kampuni na kwa meneja, wawakalishe meza moja, wasiinuke hadi mmoja wao akubali kwamba yeye ndiye mwajiri.