Dubwana la Bahari na Binti wa Seremala

Mnamo mwaka 1811, huko Lyme Regis, mji mdogo wa pwani ya kusini ya Uingereza, kijana Joseph Anning aliona fuvu la urefu upitao mita moja likichomoza katika jabali la ufukweni. Mwaka uliofuata dada yake Mary, mwenye umri wa miaka 12, aliigundua mifupa mingine ya mnyama huyo, nayo ikachimbuliwa kwa msaada wa vibarua. Wengi walidhani ni mamba.

Hakuwa mamba wala samaki. Alikuwa mtambaazi wa baharini wa jamii ya ikthiosauri, ambaye wataalamu humwita Temnodontosauri, yaani mjusi mwenye meno ya kukata. Aliishi yapata miaka milioni 200 iliyopita, mwanzoni mwa zama za Jurasiki. Wakubwa wao walifikia mita 9 hivi, na jicho moja lilizidi sentimita 20 kwa upana, hata wakaweza kuona windo katika giza la kilindini. Walikula samaki, ngisi, na hata ikthiosauri wadogo. Mfano wa pomboo, iliwalazimu kupanda juu kuvuta pumzi. Nao hawakutaga mayai ufukweni kama kasa, bali walizaa majini.

Na Mary je? Baba yake, fundi seremala, alifariki mwaka 1810 akaiachia familia madeni. Kuokota na kuuza mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe ndiko kulikowapatia riziki. Dubwana lile waliliuza kwa paundi 23. Mwaka 1814 Everard Home, daktari mpasuaji wa London, alichapisha maelezo ya kitaalamu juu yake. Hakumtaja Mary wala Joseph.

Mary hakukata tamaa. Alijielimisha mwenyewe, na mwaka 1823 akagundua plesiosauri mzima, mtambaazi wa baharini mwenye shingo ndefu. Alifariki mwaka 1847. Chama cha Jiolojia cha London hakikupokea wanachama wanawake hadi mwaka 1919. Sanamu yake ilisimamishwa Lyme Regis mwaka 2022, kwa juhudi zilizoanzishwa na msichana mmoja wa shule.

Wazazi, mtoto akileta nyumbani jiwe lenye alama za ajabu, tusiwe wepesi wa kumwamuru alitupe. Tumwulize amelitoa wapi. Na likionekana kuwa na maana, tuhakikishe jina linaloandikwa ni lake.